Jinsi ya kuusoma mji wa bandari ya mtoni kwa miguu: Nizhny Novgorod, pale mto Oka unapoingia mto Volga

Kila mwaka kuna madogo wanaenda Urusi kusoma, wengi wao udaktari, na wale wanaoangukia Nizhny Novgorod huwa wananitumia meseji ileile, kaka huko kuna nini cha kuona zaidi ya baridi. Nawajibu, kuna mto. Wanadhani nawazingua. Sasa nimeamua niandike mara moja tu, yani namna ya kuutembea ule mji kwa siku moja ndefu (au mbili kama miguu yako ni ya ofisini) ukaelewa historia yake bila kumlipa mtu akuongoze, na ukishaushika huu ujanja utautumia mji wowote wa bandari ya mtoni kule, iwe Kazan, Samara, Astrakhan, popote.

Ujanja wenyewe: anzia majini, usianzie ngomeni. Waongozaji karibu wote wanaanzia Kremlin, yani ngome ya mji, unasimuliwa mkuu fulani alijenga, mkuu fulani alipigana, unapiga picha na vifaru vya vita ya pili vilivyopangwa pale ndani, kwisha, hakuna aliyekwambia hela ya kujenga yote hayo ilitoka wapi. Mji wa bandari unaulizwa maswali mawili, hela ilitoka wapi na mzigo ulibebwa na nani.

Kabla hujatoka ndani

Angalia kalenda kwanza. Volga inaganda, hilo wengi wetu tuliokulia pwani halituingii akilini, bandari inafungwaje miezi mitano bwana. Boti zinaanza kutembea karibu na mwisho wa Aprili na zinasimama Novemba. Mimi mara ya kwanza nilienda mwisho wa Novemba, mjanja mwenyewe, nimevaa soksi pea mbili, nikafika gatini nikakuta boti zimeshaondolewa zote, maji yameanza kufanya utando kama uji uliopoa na mlinzi ananiangalia kama nimetoroka wodini. Nenda Mei mpaka Septemba. Ila hilo la kuganda usilisahau hata ukienda jua kali, maana ndo limeamua mambo mengi ya huu mji, biashara ya mwaka mzima ilikuwa lazima ibanwe kwenye miezi michache ya maji, ndo maana ilikuwa na presha vile.

Pili jifunze herufi zao. Usiogope, jioni mbili zinatosha kusoma vibao hata kama huelewi unachosoma, na maneno manne yatakufikisha mbali: pristan ni gati, naberezhnaya ni barabara ya kandokando ya maji, ovrag ni korongo, na syezd ni barabara inayoshuka kutoka mlimani kwenda mtoni. Nizhny imejaa syezd. Ukiona kibao chenye hilo neno jua hapo ndo farasi walikuwa wanahema na mikokoteni kupandisha mzigo mjini.

Tatu, majina yana tabaka. Mtaa mkubwa wa wafanyabiashara unaitwa Rozhdestvenskaya, kwa jina la kanisa la Kuzaliwa lililopo pale, wakati wa Wasovieti ukaitwa kwa jina la mshairi Mayakovsky, baadaye ukarudishiwa jina lake. Mji wenyewe tangu 1932 mpaka 1990 uliitwa Gorky, kwa jina la mwandishi Maxim Gorky aliyezaliwa hapo 1868, na hilo Gorky ni jina la kujipa tu, maana yake ni chungu, jina lake halisi ni Alexei Peshkov. Yani miaka karibu sitini watu walikuwa wanaishi mji unaoitwa Mchungu na hakuna aliyeona ajabu. Mpaka leo reli ya kanda ile inaitwa reli ya Gorky, kwa hiyo ukikutana na hilo jina usidhani umepotea.

Nne, pakua picha za zamani kwenye simu. Tafuta za Maxim Dmitriev, mpiga picha wa hapohapo Nizhny, jamaa aliipiga Volga tangu inapochomoza mpaka inapoingia Bahari ya Kaspi, kuanzia miaka ya 1890. Utazihitaji tukifika gatini.

Hatua ya kwanza: simama kwenye ncha

Ukitoka Moscow kwa treni ni kama masaa manne hivi, na stesheni iko upande wa chini, kwenye tambarare. Usivuke daraja kwanza. Chukua metro mpaka kituo kinaitwa Strelka, kilifunguliwa 2018 kwa ajili ya Kombe la Dunia, uwanja uko hapohapo, af tembea mpaka ardhi iishe. Hapo kwenye ncha mkono mmoja una Oka, imetembea karibu kilomita 1,500 kutoka kusini, mkono mwingine una Volga, mto wa kilomita 3,530 unaoshuka mpaka Kaspi. Siku nyingine unaona kabisa mstari wa maji, rangi mbili zinaenda sambamba hazitaki kuchanganyika haraka.

Sasa inua macho ng'ambo ya Oka. Kule kuna mlima, huku ulipo ni bapa. Hii tofauti ndo mji mzima. Mwaka 1221 mkuu wa Vladimir, Yuri Vsevolodovich, aliweka ngome kule juu kwa sababu ya kawaida kabisa, ukiwa mlimani kwenye makutano unaona nani anapanda na nani anashuka mito yote miwili. Lakini mzigo hauwezi kukaa mlimani. Mzigo unataka bapa, mahali jahazi linalala ubavuni na watu wanateremsha bila kupanda ngazi mia. Kwa hiyo tangu mwanzo ulikuwa mji wa vichwa viwili, serikali na askari na makanisa makubwa juu, hela na matope na harufu ya samaki chini.

Nyuma yako hapo Strelka kuna kanisa kubwa la rangi ya njano, la Alexander Nevsky, lilijengwa 1868 mpaka 1881, hela za wafanyabiashara. Wakati wa Wasovieti lilifanywa ghala. Kandokando yake mpaka juzijuzi kulikuwa na bandari ya mizigo, winchi na milima ya mchanga, raia wa kawaida haingii. Walipoanza kuisafisha ile bandari wakakuta mabati ya magodauni yamefunika kitu kingine kabisa ndani, mifupa ya chuma, nyavu nyembamba za vyuma vimeungwa kwa ribiti, imebebwa na nguzo ambazo ukiziangalia unajiuliza zinawezaje. Kumbe ni mabanda ya maonyesho ya viwanda ya karne ya 19, yalisimama Moscow 1882, yakahamishiwa Nizhny kwa maonyesho makubwa ya 1896, af bandari ikayachukua ikayavisha mabati ikawa inahifadhi mzigo miaka na miaka. Leo yamewekewa vioo, wanapiga muziki humo. Nenda karibu kabisa, weka jicho kwenye ribiti moja, af ifuate hiyo nondo mpaka juu. Kwangu mimi hicho ndo kitu bora kuliko vyote mjini na vitabu vingi vya watalii havikitaji.

Hatua ya pili: uliza mto ulifunguka lini

Kabla hujaondoka kwenye ncha, kaa kidogo ufikirie chini ya mto. Miaka mia tatu ya kwanza Nizhny ilikuwa mpakani. Chini kidogo kulikuwa na Kazan, ufalme wa Watatari, na chini kabisa Astrakhan, kwa hiyo ulikuwa na mto mrefu ila mlango uko mikononi mwa mtu mwingine. Mfano wa shida yake ni Afanasy Nikitin, mfanyabiashara wa Tver, miaka ya 1460 alishuka Volga akafika hapa Nizhny akakaa wiki mbili anamsubiri balozi wa Shirvan (nchi iliyokuwa kando ya Kaspi), anaitwa Hasan-bek, aliyekuwa anarudi kwao na kozi 90, ndege wa kuwindia, zawadi kutoka Moscow, ili wasafiri pamoja kwa usalama. Wakasafiri. Wakaibiwa vilevile karibu na Astrakhan. Nikitin akaona kurudi nyumbani na madeni ni aibu, akasonga mbele mpaka Hormuz, akavuka bahari mpaka India akakaa miaka, na wakati wa kurudi chombo chao kikapeperushwa mpaka pwani ya Wahabeshi, wakatoa mchele na pilipili ili wasiporwe, ndo wakafika Muscat. Yani mtu wa Volga alikuwa kwenye bahari yetu hiihii, kwenye pepo zilezile za majahazi ya kwetu, na Vasco da Gama hata hajafikiria kuja.

Af ikaja 1552, mfalme wa Urusi, Ivan aliyeitwa wa Kutisha, akaichukua Kazan, 1556 akaichukua Astrakhan. Hapo mto wote mpaka baharini ukawa wa mwenye mali mmoja. Shika hiyo miaka miwili. Kabla yake Nizhny ni kituo cha askari, baada yake ni bandari: chumvi na samaki vinapanda kutoka chini, chuma na chumvi nyingine vinakuja kwa mto Kama kutoka milima ya Ural, vitambaa vya Uajemi, nafaka. Na mji wowote wa Volga utakaoenda uliza hilohilo, hapa 1552 kulibadilika nini, hutakosa jibu.

Hatua ya tatu: tafuta gulio

Sasa tembea kurudi nyuma kidogo upande huohuo wa chini mpaka jengo la Yarmarka, jengo refu la matofali yenye nakshi kama keki, hili unaloliona ni la 1890. Yarmarka ni gulio, ila toa kichwani gulio la Jumamosi la nyanya na mitumba. Hili lilikuwa gulio la himaya nzima.

Mwanzo halikuwa hapa. Lilikuwa kwenye monasteri ya Makaryev, kama kilomita 90 chini ya mto, 1816 likaungua, 1817 likahamishiwa Nizhny na halikurudi tena. Kazi ya kulijenga akapewa injinia Mhispania, Agustín de Betancourt, na shida aliyokutana nayo ndo shida ya kila bandari ya mto: bapa linalofaa kwa mzigo ndo bapa hilohilo linalozama kila masika barafu ikiyeyuka. Akainua ardhi, akazungusha mfereji kuzunguka safu za maduka, na chini akajenga mahandaki ya kupitisha maji taka, kitu ambacho miji mingi mikubwa ya wakati ule haikuwa nacho. Mwaka 1822 kazi kubwa ilikuwa imeisha.

Gulio lilikuwa majira ya joto, kuanzia katikati ya Julai kwa kalenda yao ya zamani, wanapandisha bendera na biashara imefunguliwa. Chai ya China imekuja nchi kavu kupitia Kyakhta kule mpakani halafu kwa mito, chuma cha Ural, manyoya ya Siberia, pamba ya Bukhara kule Asia ya Kati, samaki wa Astrakhan. Kulikuwa na safu za Kichina, kanisa kuu lililochorwa na Mfaransa Montferrand (bado lipo, lipite), kanisa la Waarmenia, na msikiti kwa ajili ya Watatari na Waajemi na watu wa Bukhara, maana mwenye mali akikosa pa kuswali mwakani harudi. Na mali nyingi ilitoka kwa mkopo, unachukua mwaka huu unalipa kwenye gulio la mwakani, kwa hiyo watu walikuwa wanakuja kudaiana kama walivyokuja kuuziana. Hapo ndo Warusi wakawa na usemi kwamba Petersburg (mji mkuu wa wakati ule) ni kichwa, Moscow ni moyo, Nizhny ni mfuko. Mfuko wa hela.

Reli ya Moscow ilifika 1862, angalia ilifika wapi, huku chini, upande wa gulio. Mwanzo ilileta neema, mzigo unafika haraka, lakini reli ndo ilikuja kulimaliza gulio polepole, maana ukishakuwa na treni na telegrafu unaagiza mali mwezi wowote, huna haja ya kuisubiri Julai. Mapinduzi yakalisimamisha, likafufuliwa miaka ya 1920, la mwisho likafanyika 1929. Hata yale maonyesho ya 1896 kwangu ni kama harusi ya mzee, yalikuwa makubwa mno, tramu ya umeme ikaanza mwaka huo, injinia Vladimir Shukhov akasimamisha mnara wa tangi la maji wa nyavu za chuma ambao dunia haikuwa na mfano wake, gari la kwanza la mafuta lililotengenezwa Urusi likaonyeshwa, ila wageni walikuja wachache kuliko walivyotegemea, na gulio lenyewe lilishaanza kuzeeka.

Hatua ya nne: vuka daraja, ingia mtaa wa wenye hela

Vuka Oka kwa daraja la Kanavinsky, kwa miguu. Limejengwa 1933, kabla yake pale kulikuwa na daraja la kuelea, la kuunganisha matishari, linawekwa barafu ikiisha na kuondolewa kabla maji hayajaganda. Ukifika ng'ambo pinda kushoto, fuata maji, unaingia Rozhdestvenskaya.

Hapa usitembee kama mtalii anayeangalia kulia kushoto. Simama kwenye jengo moja moja na ujiulize mlango wake mkubwa unaangalia wapi. Mengi yana sura mbili, moja mtaani, moja mtoni. Mfano mzuri ni benki ya akina Rukavishnikov, iliyochorwa na msanifu majengo Fyodor Schechtel mwanzoni mwa karne ya 20, upande wa mtaa una benki na sanamu za mfanyakazi na mama mkulima mlangoni, upande wa pili ni majengo yanayotazama magati. Mteja anaingia huku, mzigo unaingia kule. Ukiliona hilo kwenye jengo moja utaanza kuliona kila mahali.

Lile kanisa jekundu lenye nakshi nyeupe za mawe, kama limefumwa, ni la akina Stroganov, familia ya wafanyabiashara, 1719, na utajiri wa Stroganov ulianzia kwenye chumvi. Chumvi ya kule Perm ilikuwa inashushwa hapahapa chini. Kwa hiyo ukiangalia zile zabibu na matunda ya mawe ukutani, unaangalia chumvi. Matajiri waliofuata walikuwa wa unga, Bugrov na Bashkirov, wenye vinu, na Blinov. Hao wengi walikuwa Waumini wa Kale, wale Waorthodoksi waliokataa mabadiliko ya kanisa karne ya 17 wakanyanyaswa, na kama ilivyo kwa jamii nyingi zilizonyimwa vyeo serikalini wakahamia kwenye biashara, wanaaminiana wao kwa wao, neno linatosha bila karatasi.

Hatua ya tano: mtafute aliyebeba

Hapa ndo watu wengi wanaruka. Shuka mpaka kwenye naberezhnaya, toa simu, fungua zile picha za Dmitriev. Utaona mahamali wana kibao maalum mgongoni cha kupokelea gunia, wamelala kwenye marobota mchana. Hao ni wa enzi ya meli za mvuke. Kabla yao kulikuwa na burlaki.

Burlaki ni watu waliokuwa wanavuta majahazi kupandisha mto. Kushuka sio kazi, maji yanakupeleka. Kupanda, kama upepo hakuna, mnashuka ukingoni mnavuta. Kila mtu ana mkanda mpana wa ngozi unapita kifuani, unaitwa lyamka, mkanda umefungwa kwenye kamba moja ndefu, kamba imefungwa kwenye mlingoti. Mnaegemea mbele wote mpaka uzito wa mwili ndo unaovuta, sio mikono, hatua moja, mguu wa pili unaburuzwa, hatua nyingine. Wa mbele kabisa anaitwa shishka, ndo anayepanga mwendo, na wimbo ni lazima, sio starehe, bila wimbo hatua hazilingani na kamba inalegea. Kwetu mtu yeyote aliyewahi kusikia makuli wanavuta kitu kizito kwa harambee anaelewa bila maelezo. Ule mchoro maarufu wa Ilya Repin wa watu wamefungwa mikanda kando ya mto, ndo hao, ila usidanganywe na mtu akakwambia ulichorwa hapa, Repin alikuwa huko chini upande wa Samara.

Sasa msikilize Ivan Kulibin, fundi saa na mvumbuzi wa hapohapo Nizhny. Mwaka 1804 alijaribu jahazi lake kwenye Volga: nanga inapelekwa mbele juu ya mto ikiwa na kamba ndefu, jahazi lina magurudumu ubavuni, maji ya mto yanayasukuma magurudumu, magurudumu yanazungusha mhimili unaokunja kamba, jahazi linapanda. Yani mto wenyewe unakuvuta kinyume cha mto. Lilifanya kazi. Halikutumika, mwisho wake likauzwa kama mbao. Sababu ni rahisi na inauma, mtu wa kuvuta alikuwa bei rahisi kuliko mashine. Ndo maana burlaki waliendelea miongo mingi baadaye mpaka meli za mvuke zikawamaliza.

Ukitaka kuyaona haya yote ndani ya familia moja, panda Pochtovy syezd kutoka mtaa wa chini mpaka nyumba ya Kashirin, kibanda cha mbao rangi ya udongo, ni makumbusho. Vasily Kashirin alikuwa babu yake Gorky. Ujanani alivuta majahazi, burlak kabisa, na kifua chake, akapanda cheo, akaishia kuwa na karakana ya kupaka vitambaa rangi na watu chini yake. Af karakana ikafa, viwanda vya mashine vikawashinda, na mjukuu akaishia kuosha vyombo kwenye jiko la meli ya mvuke kwenye Volga ileile babu aliyoitembea kwa miguu. Vizazi viwili tu. Ndani utaona chumba kilivyo kidogo, watu wote wale walivyobanana, na mapipa ya rangi uani. Kaa humo nusu saa.

Ukirudi chini, mwisho wa Rozhdestvenskaya karibu na ngome, kuna jengo alilojenga Bugrov miaka ya 1880 kwa ajili ya watu wasio na pa kulala, mahamali na walevi na waliofilisika. Gorky aliwaandikia tamthilia watu kama hao. Tajiri wa unga anawajengea paa watu wanaobeba unga wake, utasema ni huruma au ni hesabu, mimi naona yote mawili.

Hatua ya sita: sasa ndo panda Kremlin

Chini ya ngome kuna sanamu ya Minin na Pozharsky. Ni nakala, ya 2005, ile ya kwanza iko Red Square, Moscow. Kuzma Minin alikuwa mfanyabiashara wa nyama, sio mkuu, mwaka 1611 Wapoland wako Moscow na nchi haina mwenyewe, akawachangisha watu wa Nizhny hela ya kuunda jeshi, akaliongoza mkuu Pozharsky, 1612 wakawatoa. Soma hiyo kibandari: jeshi lilitoka hapa kwa sababu hela taslimu ilikuwa hapa. Na ile sanamu halisi ilipokamilika Petersburg 1817 ilipelekwa Moscow kwa maji, kwa mifereji mpaka Volga, ikashuka mpaka hapa Nizhny, ikageuka ikapanda Oka. Shujaa alipita nyumbani kwao akiwa mzigo.

Ngome yenyewe ya matofali ni ya mwanzoni mwa miaka ya 1500, ukuta kama kilomita 2, minara 13, na unaona ukuta unateremka mlimani kama ngazi. Ilijengwa kwa kuiogopa Kazan. Baada ya 1552 haikuwa na adui tena. Hapa usikae sana.

Hatua ya mwisho: miaka ambayo mji ulifungwa

Toka upande wa mtoni ufike ngazi za Chkalov, zilikamilika 1949, zimejipinda kama namba nane, ukihesabu pande zote mbili ni ngazi 560. Juu yuko rubani Valery Chkalov, aliyeruka bila kutua kutoka Moscow mpaka Marekani kupitia ncha ya kaskazini 1937. Chini kuna boti ndogo ya vita.

Kutoka hapo juu tafuta kwa macho upande wa kushoto mbali, Sormovo. Kiwanda cha meli pale ni cha 1849, kilijenga meli za mvuke zilizowanyima burlaki kazi, vitani kikatoa vifaru vya T-34, baadaye nyambizi. Na upande wa Oka kuna kiwanda cha magari cha GAZ, kilichoanza 1932 kwa msaada wa Ford. Sasa unaelewa kwa nini mji ulifungwa kwa wageni tangu 1959 mpaka Usovieti inakaribia kuvunjika. Mfuko wa Urusi, mahali ambapo Mchina na Mwajemi walikuwa wanapigana vikumbo kila Julai, ukawa mji ambao mgeni haruhusiwi kukanyaga. Ndo maana Andrei Sakharov, mwanafizikia aliyegeuka mkosoaji, walimleta hapa Januari 1980, akae mbali na waandishi wa nje, mpaka Gorbachev, kiongozi wa Usovieti, alipompigia simu Desemba 1986. Nyumba yake ni ghorofa la kawaida kabisa, chumba cha chini, ni makumbusho sasa.

Lakini mto haukulala hata humo. Rostislav Alekseyev alitengeneza hapo boti zenye mabawa chini ya maji, ikishika kasi inainuka mwili wote juu, Raketa ya kwanza 1957 ilienda Kazan, kilomita 420, kwa kama saa saba. Miaka ya 1990 mafuta yakapanda bei, zikaoza. Miaka ya karibuni wamezirudisha za aina mpya, Valdai, uliza gatini ratiba ya kwenda mji wa Gorodets, na panda mapema maana zinajaa.

Ukikosa boti, tembea kandokando ya mlima mpaka vile vibanda vinavyoning'inia kwenye waya kwenda Bor, ng'ambo ya Volga, kilomita 3.6 hewani, vimeanza 2012. Watu wanakwenda navyo kazini, kwa hiyo epuka saa za kutoka ofisini. Nenda, geuka, rudi. Ukirudi kaa upande wa kulia, jua linazama juu ya mto, na chini yako kama ni Mei utaona mabonde yote ya kule bapa yamejaa maji mpaka kwenye miti, yaleyale yaliyompa kazi Betancourt.